Ombwe Halivuti

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ufundi. Hao hawakijui. Kabla karakana zetu hazijajaa mitambo ya umeme, Waswahili walikuwa na kitenzi kukereza, na chombo chenyewe wakakiita kerezo. Upungufu hauko katika lugha bali katika mafunzo: fundi husomeshwa kwa Kiingereza, akaambulia kuiga mikono ya mwalimu pasi na kujua sababu.

Majuzi nilimtembelea mkereza mabakuli mmoja hapa Nairobi. Taabu ya kazi yake ni kitako, kwani bakuli likibanwa kwa taya za chuma hubaki na makovu. Basi alikuwa amelibadilisha kerezo lake. Mhimili wake una tundu mwanzo hadi mwisho. Nyuma aliunga mpira kwa beringi iliyozibwa barabara, ili mhimili uzunguke na mpira utulie. Mpira huo ukaenda kwenye kompresa ya friji kuukuu, upande wa kuingizia hewa. Mbele akafunga ngoma ya mbao yenye ukingo wa mpira laini, akalifunika bakuli juu yake. Hewa ilipotolewa, bakuli lilishika. Alipotia patasi, likachomoka na kugonga ukuta.

"Mwalimu," akaniambia, "nitafute pampu kubwa. Hii haivuti vya kutosha."

Neno ndilo lililompotosha. Ombwe halivuti kitu. Linaloshika bakuli ni msukumo wa hewa ya nje. Huko Mombasa hewa husukuma kwa uzito wa kilo moja hivi kwa kila sentimita mraba. Nairobi, palipoinuka mita 1,700 hivi, ni gramu 840 tu. Hakuna pampu iwezayo kuuvuka mpaka huo. Hapa kwetu, ngoma ya kipenyo cha sentimita 10 haipati zaidi ya kilo 66 hivi, hata ombwe liwe kamili. Ya sentimita 15 hukaribia kilo 150. Dawa basi ni kupanua ngoma na kuziba mianya, ukiwamo ule wa vinyweleo vya mbao, ambavyo hupitisha hewa kimyakimya.

Tena kuna umeme wetu wa kukatika. Pampu hunyamaza ilhali bakuli lingali likizunguka. Tangi la akiba lenye vali ya njia moja humpa fundi nafasi ya kunusurika, na ni busara kuliegemeza bakuli kwa nyuma hadi dakika ya mwisho.

Mwenzangu hakununua pampu. Alichonga ngoma pana zaidi, na bakuli lililofuata likatulia.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, urasmi huo uishie bungeni na mahakamani? Vyuo vya ufundi na viandike vitabu vyao kwa lugha hii. Fundi aelewaye neno ombwe huokoa fedha zake, na huenda akaokoa jicho lake.