Jirani Alia, Nasi Twabishana

Tarehe 24 Machi 2021 watu wenye silaha waliuvamia mji wa Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Mji huo hauko mbali na Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Mtwara yetu. Wenyeji wa pwani ile wengi ni Waislamu, na miongoni mwao wako wasemao Kimwani, lugha yenye undugu na Kiswahili. Vita vile, vilivyoanza Oktoba 2017, vilikwisha wafukuza majumbani mwao watu zaidi ya 700,000.

Miezi michache baadaye, hapa Tanga, tulisikia barazani ubishi mkali. Haukuwa juu ya Palma. Ulikuwa juu ya mwimbaji Diamond Platnumz, aliyeteuliwa kugombea tuzo ya BET huko Marekani. Maelfu walitia saini kutaka aondolewe kwa sababu za siasa, wengine wakamtetea. Tarehe 27 Juni tuzo ikaenda kwa Burna Boy wa Nigeria.

Hatuwalaumu vijana peke yao. Sisi walimu tuliwakemea kwa ubishi ule, lakini darasani hatukuwatajia Palma hata mara moja, wala hatukuwaombea dua waliokimbia. Tuliona haya, kwa kuwa wauaji walijinasibisha na dini yetu. Kumbe kunyamaza kwetu hakukututenga na wauaji. Kulitutenga na waliodhulumiwa.

Bwana Mtume (S.A.W.) amewafananisha Waumini na mwili mmoja. Basi, enyi wazazi, jioni moja fungueni ramani, waonyesheni watoto Palma ilipo, kisha inueni mikono pamoja nao.