Jasho la Chumvi Kupita Kiasi

Hapa Doha wakati wa joto jasho si habari. Habari ni chumvi iliyomo ndani yake, na kwa nini mtoto mmoja huipoteza hadi akalegea ilhali wenzake aliokuwa akicheza nao wazima.

Jasho likitengenezwa chini ya tezi huwa na chumvi karibu sawa na damu. Likipanda kwenye kijifereji kuelekea ngozini, mwili huirudisha chumvi nyingi ndani. Kazi hiyo hufanywa na milango ya protini. Mmoja, CFTR, hupitisha kloridi. Sodiamu hupita mlango wa jirani. Kloridi ikizuiwa, sodiamu nayo hubaki nje pamoja nayo. Sisi tuliokuwa makarani hatushangai: hesabu haifungi kwa upande mmoja wa daftari.

Protini hiyo ni mkufu wa punje 1,480. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1989, katika kromosomu ya 7. Hapa Qatar madaktari walikuta, katika kabila moja kubwa la Kibedui, herufi moja imebadilika penye maelekezo ya punje ya 1234, na mlango hauendi sawasawa. Ugonjwa wenyewe ni sistiki faibrosisi: makohozi mazito kifuani, na jasho la chumvi nyingi.

Siri ya jasho ilifichuliwa na joto. Mwaka 1948 joto kali liliipiga New York, na watoto wenye maradhi haya wakafikishwa hospitali wamekaukiwa. Daktari Paul di Sant'Agnese akalipima jasho lao. Hadi leo kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita, daktari hushuku ugonjwa huu.

Mtoto wa namna hii ukimpa maji matupu, chumvi iliyobaki katika damu huzidi kupungua. Huhitaji maji pamoja na chumvi, kwa kipimo cha daktari.

Na sisi tunaopenda kuozana bin ami na bint ami? Mwenye nakala moja mbovu haumwi, wala hajijui. Wakioana wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Qatar imelazimisha vipimo kabla ya ndoa tangu 2009. Wazee wengine hununa, lakini mimi nawapeleka wajukuu wangu mwenyewe.

Mama akimbusu mwanawe akaonja chumvi kila mara, na kikohozi hakiishi, amwambie daktari hayo yote mawili na aombe kipimo cha jasho.