Chati ya IELTS Haitaki Maoni Yako

Umewahi kukosa kitu kwa nusu alama? Dadangu amewahi. Ni muuguzi hapa Kakamega na Kiingereza kwake ni kama maji. Mwaka jana alifanya IELTS akitafuta kazi Uingereza. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza, zote alipata 7 kwenda juu. Kuandika akapata 6. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka angalau 7 kwa hizo tatu na 6.5 kwa kuandika. Nusu tu, na pesa za mtihani zikaenda hivyo.

Usidhani yuko peke yake. Mwaka wa 2021, Kenya ilipotia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya Uingereza, Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi takriban 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio walipita. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu wakiwa wadogo!

Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo sitajifanya mwalimu. Lakini nimekaa na dada jioni nyingi akitoka zamu, tukipitia mazoezi yake, na shida ikajianika yenyewe. Sarufi yake haina neno. Kinachomwangusha ni chati.

Ukifanya IELTS ya Academic, swali la kwanza la kuandika linakupa grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za kutengeneza kitu. Una kama dakika 20 na maneno yasiyopungua 150. Sasa shika hili: huulizwi kwa nini. Unaulizwa unaona nini.

Tuchukue sensa ya hapa kwetu. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,660,651 mwaka wa 2009, ikafika 1,867,579 mwaka wa 2019. Majirani wetu Vihiga walitoka 554,622 wakafika 590,013. Nilimpa dada namba hizo. Akaandika kwamba Kakamega imekua kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na kwamba serikali ijenge hospitali zaidi. Sawa, pengine ni kweli. Lakini kwani kwenye hizo namba umeona chuo? Umeona hospitali? Hapo ndipo alama zinavuja.

Kosa la pili ni kusoma namba moja moja kama mwalimu anayeita majina darasani. Hebu fikiria umetoka Bukhungu kutazama Homeboyz wakicheza na Ingwe. Rafiki akikuuliza mechi ilikuwaje, huanzi na mpira wa kurushwa wa dakika ya tatu, bana. Unasema kwanza nani kashinda. Msahihishaji pia anataka matokeo kwanza, yaani picha nzima. Ukiorodhesha tu bila muhtasari, kipengele cha kujibu swali kinakwama kwenye 5.

Kwa hivyo sema: kaunti zote mbili ziliongezeka watu, lakini Kakamega ilikuwa na takriban mara tatu ya Vihiga katika miaka yote miwili. Halafu ndio ulete ushahidi: Kakamega iliongeza zaidi ya watu 200,000, Vihiga kama 35,000. Umelinganisha, umechagua, umemaliza.

Kabla ya kuandika, tumia dakika mbili tatu kutazama tu. Kichwa kinasema nini? Namba ni watu au ni asilimia? Miaka imepita au ni makadirio ya mbele? Hiyo ndiyo itakuambia utumie wakati gani wa kitenzi. Usinakili swali lilivyo pia, maana maneno uliyonakili hayahesabiwi. Na dakika 20 zikiisha, songa. Insha ya pili ina uzito mara mbili.

Huhitaji kununua vitabu vya bei ili ufanye mazoezi. Grafu ziko gazetini kila wiki.

Dada anarudi kwa mtihani mwezi ujao. Juzi nilimpa grafu ya bei ya unga. Akaandika, "Bei ilipanda kwa sababu..." Akanitazama, akacheka, akafuta maneno mawili ya mwisho.