Kanisa Linalowajua Maskini Wake

Maandiko ya kusoma: Matendo 6:1-7, Yakobo 2:14-17



Katika makanisa yetu tunajua kuomba. Tunafunga, tunakesha, tunaweka mikono juu ya wagonjwa, na Mungu anajibu. Lakini kuna swali ambalo kila mshirika anapaswa kujiuliza. Mjane anayeketi kwenye benchi la tano, kama hakula tangu jana, ni nani katika kanisa anayejua? Mama aliyejifungua juma lililopita, kama amezuiwa hospitalini juu ya kukosa pesa ya kulipa, habari yake itafika kwa wazee wa kanisa siku gani? Mara nyingi tunapata habari wakati wa matanga. Hapo pesa ya sanduku inapatikana upesi, lakini pesa ya dawa haikupatikana.

Juu ya jambo hili, leo tujifunze kwa ndugu zetu Wametodiste.

Kwa nini Wametodiste?

Kwa sababu ni kama nyumba ya babu yetu. Mchungaji T. B. Barratt alikuwa Mmetodiste katika nchi ya Norwe. Alisafiri mpaka Marekani kutafuta pesa kwa ajili ya kazi ya misheni katika mji wake, na huko New York, mwaka 1906, akajazwa Roho Mtakatifu. Aliporudi kwao, moto wa Pentekoste ulienea Norwe na Uswidi. Kutoka nchi hizo mbili walikuja wamishonari Wapentekoste waliofika Kivu katika miaka ya 1920. Jumuiya za CELPA na CEPAC ni matunda ya kazi hiyo. Basi, tunapoangalia maisha ya Wametodiste wa kwanza, tunaangalia shina ambalo na sisi tulitoka.

Sarafu moja kwa juma

John Wesley alianza kuhubiri nje, mashambani na barabarani, katika mji wa Bristol, Uingereza, mwaka 1739. Watu wengi waliookoka walikuwa maskini: wachimba makaa, wafuma nguo, watumishi wa nyumbani. Mwaka 1742 kanisa la Bristol lilikuwa na deni la jengo lao. Ndugu mmoja, kapiteni wa zamani wa meli, akatoa shauri: kila mshirika atoe peni moja kwa juma. Peni ilikuwa sarafu ndogo sana. Mwingine akajibu kwamba wengi ni maskini, hawataweza. Yule kapiteni akasema: nipeni mimi watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Nitawatembelea kila juma. Asiyeweza kutoa, nitatoa mimi kwa ajili yake.

Shauri lake likapokelewa, na kanisa zima likagawanywa katika makundi ya watu kama kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wake. Kiongozi alipita nyumba kwa nyumba kukusanya sarafu. Lakini alipoingia nyumbani aliona mengine: huyu ni mgonjwa, huyu hana kazi, huyu amerudia pombe, hawa mume na mke hawasemeshani. Safari ya kukusanya pesa ikageuka kuwa kazi ya uchungaji. Baadaye kila kundi likaanza kukutana mara moja kwa juma, kuulizana hali ya roho na kuombeana.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Sarafu ililipa deni la jengo, lakini kutembeleana ndiko kulikowafanya wafahamiane. Mtu hawezi kusaidia asiyemjua.

Kanisa la Foundery

Huko London Wesley alinunua jengo bovu lililokuwa kiwanda cha kuyeyushia vyuma vya mizinga, ambalo mlipuko ulikuwa umelipasua. Waliliita Foundery, na tangu mwaka 1739 likawa nyumba ya ibada. Chini ya paa hilo na kando yake, kanisa lile la mahali lilifanya mambo yafuatayo.

1. Kutembelea wagonjwa. Mji uligawanywa katika sehemu 23. Watu 46 waliojitolea walitumwa wawili wawili. Kila mgonjwa alitembelewa mara tatu kwa juma. Waliuliza hali ya roho yake na ya mwili wake pia, wakamletea alichokosa.

2. Kutoa dawa. Mwaka 1746 Wesley alianza kuwapa maskini dawa bure, akisaidiwa na muuza dawa na mpasuaji. Katika miezi mitano watu zaidi ya 500 walipata dawa. Magonjwa magumu hakuyagusa, aliyaachia matabibu.

3. Kukopesha. Wenye mali walichanga pauni 50. Wasimamizi wawili walikaa kila Jumanne asubuhi na kukopesha mtu kiasi kisichozidi pauni moja, arudishe kwa miezi mitatu. Katika mwaka mmoja pesa ile ndogo ilisaidia watu 250. Iliwezekanaje? Kwa sababu ilizunguka. Aliyerudisha alimfungulia mwenzake mlango. Asiyerudisha alikula chakula cha ndugu yake.

4. Kuwapokea wajane. Nyumba mbili ndogo zilipangishwa, wakakaa humo wajane wazee tisa, mama mmoja kipofu na watoto wawili maskini. Wesley na wahubiri wenzake, wakiwa London, walikula meza moja na wajane hao, chakula kile kile.

5. Kufundisha watoto. Watoto karibu 60 walisoma pale. Wachache walilipa, wengi hawakulipa kitu.

Namna ya kutoa

Mwaka 1747 Wesley alipunguza wasimamizi wa pesa kutoka 16 mpaka 7, akawapa maagizo. Mojawapo linatuhusu sana: maskini anayekuja kuomba asipewe neno baya wala jicho baya. Kama hamna cha kumpa, msimuumize. Na msingoje shukrani kutoka kwa wanadamu.

Kuna msaada unaoaibisha: kumsimamisha mjane mbele ya kanisa, kumpiga picha akishika mfuko wa unga, kutangaza jina lake kwenye kipaza sauti. Mjane yule atakula leo, na kesho hatasema tena shida yake.

Hata hapa Kongo

Mwaka 1912 Askofu Lambuth na Profesa John Wesley Gilbert, Mmarekani mweusi, walifika kwa chifu Wembo Nyama, katika nchi ya Watetela. Misheni ilianza mwaka 1914, na katika kundi la kwanza alikuwamo daktari. Injili ilifika pamoja na matunzo ya wagonjwa.

Je, kazi hii haizimi moto wa Roho?

Wengine wanaogopa. Wanasema kazi ya kanisa ni kuhubiri, chakula ni kazi ya mashirika. Ni kweli, kanisa linaweza kugawa chakula mpaka likasahau msalaba. Lakini tusome Matendo 6. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakaingia. Mitume hawakusema jambo hilo ni dogo. Walitaka watu saba, na sharti lilikuwa nini? Wawe wamejaa Roho na hekima. Kugawa mkate kwa haki kulihitaji ujazo wa Roho! Na mstari wa 7 unatuonyesha matokeo: Neno likaenea na wanafunzi wakazidi sana. Yakobo naye anauliza faida ya kumwambia mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa kitu.

Tufanye nini?

Hatuhitaji kungoja pesa za wafadhili. Wale wa Bristol walianza na sarafu moja.

Kwanza, kila selula ya maombi isizidi nyumba kumi na mbili, na kiongozi aingie katika kila nyumba mara moja kwa juma. Asingoje watu wamfuate.

Pili, katika kila avenyu wachaguliwe wawili wa kutembelea wagonjwa. Wauguzi walio katika kanisa wawasaidie kujua ni mgonjwa gani apelekwe hospitali upesi. Kuomba na kumpeleka kwa daktari havipingani.

Tatu, kila mmoja atoe franka chache kwa juma, kwa kadiri yake. Pesa ishikwe na watu wawili, na daftari lisomwe mbele ya wachangiaji wote.

Nne, pesa hiyo ikitosha, mama anayeuza mboga sokoni akopeshwe mtaji mdogo bila riba, arudishe kwa miezi mitatu ili mwingine apate.

Maswali ya kuzungumzia katika selula: Ni nani kati yetu hakuonekana majuma mawili? Nani amemtembelea? Nyumba yake iko wapi?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe unayeijua kila nyumba yetu kwa jina, utujaze Roho wako, utupe macho ya kuona na miguu ya kwenda, kabla ya siku ya matanga. Amina.