Mbeleko, Mkeka na Ndizi Mbivu

Mtoto wa miezi tisa anadaka kila kitu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekunja ngumi muda wote. Nyumbani wanafurahi kwamba ana mkono mwepesi. Mtaalamu wa fiziotherapia akimwona huingiwa na wasiwasi, kwa kuwa kabla ya kutimiza mwaka mtoto hutakiwa kutumia mikono yote miwili.

Huenda ni mtindio wa ubongo. Chanzo chaweza kuwa kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au manjano kali iliyochelewa kutibiwa. Nchini Uganda, utafiti wa Iganga na Mayuge uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta karibu watoto 3 wenye hali hii katika kila 1,000. Jeraha lenyewe la ubongo haliponi, lakini ubongo mchanga ungali unajijenga. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto hawa hufikia takribani asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo wakiwa na miaka mitano hivi, au kabla. Anayemwambia mama “subiri, atatembea tu” anampotezea mtoto miaka hiyo.

Karagwe na Kyerwa, wilaya za Tanzania, zina vijiji vilivyotawanyika vilimani kati ya migomba na mibuni. Mama akimpeleka mtoto hospitali mara moja kwa mwezi, mtaalamu humpata kwa saa moja tu. Saa nyingine zote mtoto yuko mikononi mwa mzazi, na humo ndimo tiba ilimo.

Mtoto ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi abebwe mgongoni, mapaja yametanuka. Mbeleko yenyewe ni zoezi. Mkekani alazwe kifudifudi, kitenge kilichokunjwa kikiwa chini ya kifua, ajizoeze kuinua kichwa. Ndizi mbivu iwekwe upande wa mkono dhaifu, mbali kidogo, aifuate mwenyewe. Hapa wazazi wengi hukosea kwa upendo: humnyoosha kwa nguvu hadi analia. Kumvuta viungo tu husaidia kidogo sana. Mtoto hujifunza kwa kujaribu. Uji nao anyweshwe ameketi wima, maana akilala chali unaweza kuingia mapafuni.

Mama peke yake atachoka. Baba akate fito mbili za mkaratusi, azifunge uani sambamba, usawa wa kiuno cha mtoto, azishike akijifunza kutembea, kisha baba azipandishe kila anaporefuka.