Karakara Hunyauka Kabla ya Kuoza

Karakara likichumwa asubuhi huko Ziwa, kaunti ya Uasin Gishu, siku chache baadaye ganda lake la zambarau huanza kukunjamana, na dalali hushusha bei. Ukilipasua utakuta juisi na mbegu zake ni nzima kabisa. Pengine utamu hata umezidi. Mkulima anapunjwa kwa sababu ya ganda ambalo hakuna mtu anayelila. Kwa hiyo kinachompotea kwanza ni maji ya ganda, na dawa yoyote ya kuhifadhi lazima ianzie hapo.

Tunda lililochumwa bado li hai. Linavuta oksijeni, linatumia sukari yake, linatoa kaboni dayoksaidi, joto na mvuke. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Karakara hupenda nyuzi 7 hadi 10 penye unyevu wa asilimia 90 na zaidi, lakini chumba cha baridi cha namna hiyo hakimo katika uwezo wa mwenye robo ekari.

Ndipo utando wa kupaka unapofaa. Wanga, gundi ya migunga inayotoka Turkana na Samburu, na kitosani ya maganda ya kamba wa baharini huzuia gesi vizuri, ila maji huyapitisha kwa urahisi kwa kuwa vyenyewe huvuta maji. Hivyo vinafaa zaidi parachichi au embe, ambalo tatizo lake ni kuiva haraka. Karakara linahitaji nta. Nta ya nyuki iliyovurugwa na maji hadi ikawa kama maziwa, ikapakwa kwa sifongo, huzuia mvuke kama mafuta yanavyozuia ngozi isipauke wakati wa kiangazi. Iwe nyembamba lakini! Ikiwa nene, tunda hukosa hewa, huchachuka ndani kwa ndani na kunuka pombe.

Mifuko je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha mwaka 2014 jaribio la kuhifadhi karakara za zambarau katika mifuko inayodhibiti hewa. Mifuko ya aina hiyo kwa kawaida ni plastiki, na tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi sasa wanataka ile inayooza, na ni kweli kwamba plastiki ya polilaktiki hutengenezwa hata kwa wanga wa mahindi, zao ambalo Uasin Gishu inalijua kuliko yote. Lakini polilaktiki huoza upesi katika mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi. Katika udongo wa nyanda hizi za juu, ambako Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, itakaa kwenye ua miaka na miaka. Nisingemshauri mkulima ailipie leo.

Ningemshauri ajaribu nta. Chuo Kikuu cha Eldoret kiko kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa, na kazi hii inawahusu wanafunzi wake wa kilimo. Mkulima achume kukiwa bado na ubaridi, aweke kivulini, asiyarushe matunda guniani. Agawe kreti mbili, moja ipakwe, nyingine iachwe, kisha zipimwe uzito kila asubuhi. Mizani ndiyo itakayoonyesha maji yaliyookolewa, na bei ya dalali itaonyesha kama nta inajilipia.