Kuyapima Macho ya Wenye Kisukari Mapema

Kwa mkazi wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, mwenye kisukari, hatari iliyojificha ni ile inayoanzia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambako sukari iliyozidi kwa miaka hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu hata ikavimba na kuvuja, ilhali mgonjwa bado anaona vizuri na hasikii maumivu yoyote.

Katika uchunguzi, mgonjwa husomeshwa kwanza chati ya herufi, hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha retina hupigwa picha kwa kamera maalumu. Kwa saa kadhaa baadaye mwanga humuumiza na maandishi ya karibu humpotea, jambo ambalo anayerudi kijijini kwa bodaboda hana budi kuambiwa mapema. Mwenye kisukari cha aina ya pili hupaswa kupimwa mara ugonjwa unapogunduliwa, na kwa kawaida kila mwaka baada ya hapo.

Mkoani Kilimanjaro, Hospitali ya KCMC ya Moshi iliendesha mpango wa kuzipeleka kamera hizo kwenye kliniki za kisukari, na huo ndio mfano unaozifaa nyanda za juu za Kigoma, kwa kuwa ni haki kipimo kimfuate mgonjwa. Hata hivyo, picha isiyofuatwa na rufaa haiokoi jicho: tiba ya leza na sindano za ndani ya jicho huhitaji mabingwa wa hospitali kubwa, na nauli ya kuwafikia yapaswa kuhesabiwa ndani ya mpango tangu mwanzo.